Mieleka ya Kupokezana Nchini Japani: Sanaa ya Mwili na Gharama Yake

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii, ambayo aghalabu hutumiwa kuhimiza ushirikiano shambani na nyumbani, hupata sura mpya katika ulingo wa mieleka, mahali ambapo watu wawili hushirikiana kuwabwaga wengine wawili. Mkaazi wa Thika au Ruiru hahitaji kuelezwa mieleka ya kulipwa ni kitu gani. Kwa miaka mingi runinga za Kenya zimeonyesha mieleka kutoka Marekani, na vijana wa mitaa kama Kiandutu na Githurai wamekua wakiyataja majina ya miamba wa ulingo huo kama wanavyowataja wachezaji wa kandanda. Hata hivyo, ipo mieleka ya aina nyingine ambayo haijazoeleka sana hapa nchini. Hiyo ni mieleka ya Japani, na hasa ile ya jozi, inayosifika kwa mapigo mazito na mapambano marefu.

Makala haya yanakusudia kueleza chimbuko, kanuni na muundo wa mieleka hiyo. Aidha, yanajaribu kulijibu swali linalozuka kila mara kipindi cha mieleka kinapoanza sebuleni: je, mambo haya ni kweli au ni uongo? Swali hilo ni la kifasihi kabla ya kuwa la kimichezo. Jibu lake lina uzito kwa sababu sanaa hii imewahi kumgharimu fanani wake maisha.

Istilahi

Katika Kiswahili, neno mweleka (wingi: mieleka) hubeba dhana ya mtu kubwagwa chini. Ndiyo maana husemwa kuwa fulani amepiga mweleka hata kama ameteleza tu katika matope ya msimu wa masika. Lugha hii haina uhaba wa msamiati wa mapambano. Mtu akikabwa shingo kwa mkono huwa amepigwa kabali. Miguu yake ikichotwa huwa amepigwa mtama au ngwala. Akisukumwa kwa bega huwa amepigwa kumbo. Kuna ngumi na konde, teke na kibao, kiwiko na goti. Mtangazaji anayedai kuwa Kiswahili hakina maneno ya kutangazia mieleka huenda hajaifungua kamusi yake kwa muda mrefu.

Wajapani nao walilichukua jina la Kiingereza la mieleka ya kulipwa, wakalifupisha na kulitohoa, likawa puroresu. Mwanafunzi wa fonolojia atatambua mara moja kuwa neno hilo limepitia njia ile ile iliyopitiwa na maneno ya Kiswahili kama refa, meneja na kabati. Katika hali zote mbili, lugha pokezi imelazimisha silabi za neno geni ziishie kwa irabu. Mapambano ya watu wawili dhidi ya wawili yataitwa hapa mieleka ya kupokezana, kwa kufuata mfano wa mbio za kupokezana vijiti zinazofahamika katika kila shule.

Kanuni na muundo

Katika mieleka ya kupokezana, kila jozi huwa na mtu mmoja tu mwenye haki ya kupigana kwa wakati mmoja. Mwenzake husimama nje ya kamba, katika pembe ya ulingo, akinyoosha mkono. Aliye ndani akimgusa kiganja, wawili hao hubadilishana nafasi. Ushindi hupatikana mabega ya mpinzani yakibanwa sakafuni mpaka refa ahesabu tatu, au mpinzani akisalimu amri kwa maumivu. Aliye nje huweza kuingia kwa muda mfupi ili kumwokoa mwenzake anayehesabiwa, na kwa desturi refa hulivumilia jambo hilo.

Kanuni hizi chache ndizo zinazozaa tamthilia. Jozi moja humtenga mpinzani mmoja katika pembe yao na kumchapa kwa zamu, huku mwenzake akitazama bila uwezo wa kumsaidia. Kila anapotambaa kuelekea kwenye mkono ulionyooshwa, huvutwa mguu na kurudishwa nyuma. Hadhira hupiga mayowe. Hiyo ndiyo taharuki. Anapofanikiwa kuugusa mkono huo, mwenzake huingia kwa hasira na mkondo wa pambano hugeuka. Mhakiki wa tamthilia ataona hapa mgogoro, ukuaji wa mgogoro, kilele na usuluhishi, ingawa hakuna mhusika anayezungumza.

Ikumbukwe kwamba katika mieleka ya kulipwa, iwe ya Marekani au ya Japani, mshindi huamuliwa kabla ya pambano kuanza. Kinachobaki kuwa kazi ya wanamieleka ni namna ya kuufikia mwisho huo. Katika mtindo mzito wa Japani, pigo la kiwiko hutua shavuni kwelikweli, na kibao cha kifuani huacha alama nyekundu zinazoonekana hadi viti vya nyuma.

Chimbuko

Mieleka ya kulipwa ya Japani ilipata umaarufu wake mkubwa kupitia pambano la kupokezana. Tarehe 19 Februari 1954, mjini Tokyo, Rikidozan na Masahiko Kimura walipambana na ndugu wawili wa familia ya Sharpe, Ben na Mike. Wakati huo runinga zilikuwa chache, kwa hiyo watu walikusanyika barabarani mbele ya runinga zilizowekwa hadharani ili kushuhudia. Taifa lililokuwa limeshindwa vitani miaka tisa kabla ya hapo lilimwona Rikidozan akiwachapa wazungu warefu kuliko yeye. Hali hiyo haitamshangaza mtu wa Ruiru anayekumbuka jinsi vibanda vya video vilivyofurika watu, wengine wakichungulia dirishani.

Kuna kinaya katika historia hiyo. Rikidozan, shujaa wa Wajapani, alikuwa mzaliwa wa Korea, na asili yake ilifichwa kwa umma. Alifariki Desemba 1963 baada ya kudungwa kisu. Wanafunzi wake wawili, Giant Baba na Antonio Inoki, walianzisha mwaka 1972 makampuni mawili yaliyotawala mchezo huo: Baba akaasisi All Japan na Inoki akaasisi New Japan.

Wanawake hawakuachwa nyuma. Katika miaka ya 1980, jozi ya Chigusa Nagayo na Lioness Asuka, iliyoitwa Crush Gals, ilipendwa mno na wasichana wa shule, na wawili hao walirekodi hata nyimbo. Kwa hiyo dhana kuwa mieleka mizito ni ya wanaume peke yao haina mashiko.

Pambano la mwaka 1995

Pambano linalotajwa mara nyingi kuwa kilele cha mtindo huu lilifanyika tarehe 9 Juni 1995 katika ukumbi wa Nippon Budokan, Tokyo. Mitsuharu Misawa na Kenta Kobashi walikuwa mabingwa wa jozi wa All Japan. Wapinzani wao walikuwa Toshiaki Kawada na Akira Taue. Pambano lilichukua zaidi ya dakika 42.

Ili kulielewa, ni lazima msomaji ajue usuli wa wahusika. Misawa na Kawada walisoma shule moja ya upili, Kawada akiwa nyuma kwa mwaka mmoja. Baadaye walishirikiana ulingoni upande mmoja. Mwaka 1993 Kawada alijitenga na Misawa na kuungana na Taue, mtu ambaye hapo awali alikuwa hasimu wake. Tangu hapo Kawada alikuwa akimwandama mkubwa wake wa shuleni bila kuwahi kumbana mabega kwa hesabu ya tatu. Huu ni msuko ambao mtunzi yeyote wa riwaya angeutamani: rafiki amekuwa adui, adui amekuwa rafiki, na mdogo anataka kutoka katika kivuli cha mkubwa.

Siku hiyo Kobashi aliingia ulingoni mguu wake ukiwa umefungwa bendeji. Kawada na Taue waliushambulia mguu huo bila huruma, wakijua kuwa jozi ni imara kwa kadiri ya imara ya aliye dhaifu zaidi. Kobashi alipolemazwa, Misawa alibaki kama mtu asiye na mwenza. Katika dakika za mwisho, Kobashi, ambaye hakuweza tena kusimama vyema, alijilaza juu ya Misawa ili kumkinga kwa mwili wake. Hakuwa na pigo lolote la kutoa. Alichokuwa nacho ni mgongo wake tu. Walimvuta pembeni, na hatimaye Kawada akambana Misawa mabega kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Kitendo hicho cha Kobashi hakihitaji mkalimani. Mtazamaji asiyejua neno hata moja la Kijapani huelewa kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Kweli na uongo

Mhakiki wa Kifaransa Roland Barthes aliandika kuhusu mieleka katika kitabu chake Mythologies cha mwaka 1957. Hoja yake ni kwamba mieleka ni tamasha, wala si shindano, na kwamba hadhira haijali kama matokeo yamepangwa. Inachokitaka ni kuyaona mateso, kushindwa na haki vikidhihirishwa waziwazi. Kwa mtazamo huo, anayesema mieleka ni uongo hana tofauti na anayesusia tamthilia kwa sababu mwigizaji aliyeuawa huonekana baadaye akinunua mboga sokoni.

Jamii ya Waswahili inalifahamu jambo hili tangu zamani. Katika ngonjera, pande mbili hubishana ingawa mwafaka wao umekwisha kutungwa. Katika ngoma za beni za mwanzoni mwa karne ya 20, makundi kama Kingi na Skochi ya Mombasa yalishindana kwa mavazi, gwaride na nyimbo. Yalikuwa maonyesho, lakini ushindani ulikuwa wa kweli, na watu walitumia mali yao kwelikweli ili kundi lao lisiaibike. Maonyesho na ukweli vilikaa chungu kimoja.

Hata hivyo, hoja ya Barthes haitoshi kuieleza mieleka ya Japani. Katika tamthilia ya kawaida, panga ni la mbao na damu ni rangi. Katika mieleka mizito, mwisho wa hadithi ndio uliobuniwa, ilhali maumivu ya katikati si ya kubuni. Fanani wa fasihi simulizi hutumia sauti na ishara. Fanani huyu hutumia shingo, magoti na uti wa mgongo wake. Hadhira inapozoea pigo la leo, kesho hutaka pigo kubwa zaidi, naye fanani, kwa kuipenda sanaa yake, hukubali kulipa.

Deni hilo lilidaiwa tarehe 13 Juni 2009 mjini Hiroshima. Misawa, ambaye tangu mwaka 2000 alikuwa akiongoza kampuni aliyoianzisha ya NOAH, alikuwa katika pambano la kupokezana akishirikiana na kijana Go Shiozaki. Alibebwa na kubwagwa chali na Akitoshi Saito, pigo alilokuwa amelipokea mara nyingi maishani. Safari hii hakuinuka. Alifariki usiku huo kutokana na jeraha la shingo, akiwa na umri wa miaka 46. Mwenzake wa mwaka 1995, Kobashi, alistaafu mwaka 2013 baada ya majeraha na operesheni nyingi.

Kwa hiyo jibu la swali la sebuleni ni kwamba mieleka hii ni ubunifu unaoandikwa juu ya mwili, na mwili haubuniki.

Afrika Mashariki na vijana wake

Sanaa hii haiko mbali na Thika kama inavyodhaniwa. Mwaka 2023, mjini Mukono nchini Uganda, vijana walianza kujulikana kwa mieleka yao ya Soft Ground Wrestling, ambayo mwanzilishi wake ni Daniel Bumba, maarufu kama Bumbash. Kwa kukosa ulingo wa kisasa, walipambana juu ya tope katika ulingo uliozungushiwa miti. Picha zao zilisambaa duniani kote kupitia intaneti. Ubora wa ubunifu wao ni dhahiri, kwani tope, ambalo lingeonekana kuwa alama ya umaskini, liligeuzwa kuwa mandhari na kinga ya mwili kwa pamoja.

Hapa ndipo penye funzo kwa Thika na Ruiru. Watoto wanaoigiza mieleka kwenye saruji ya ua wa ploti au katika uwanja wa shule huiga pigo bila kuijua kanuni yake. Hawajafundishwa namna ya kuanguka, jambo ambalo mwanamieleka wa Japani hulifanyia mazoezi mamia ya mara kabla ya kuruhusiwa kupigana mbele ya watu. Kuwaambia kuwa wanachokitazama ni uongo mtupu ni kuwahatarisha, kwa maana mtoto aliyeambiwa kuwa hakuna aumiaye hana sababu ya kuogopa. Ni afadhali aambiwe ukweli: hadithi imepangwa, lakini shingo ni shingo.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa mieleka ya kupokezana ya Japani ni sanaa yenye wahusika, msuko, taharuki na dhamira, na kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kuielezea. Imedhihirika pia kuwa mpaka kati ya kweli na ubunifu, ambao wanafunzi wa fasihi huujadili darasani kila muhula, una watu wanaouishi kwa miili yao. Ni wajibu wa wasomi wa Kiswahili kuzitazama sanaa za aina hii kwa jicho la uhakiki badala ya kuzidharau kama burudani ya watoto. Hali kadhalika, hadhira haina budi kutambua sehemu yake katika gharama hii, kwa sababu mayowe yake ndiyo humwita fanani ainuke tena hata pale mwili wake unapomtaka alale.