Hoteli ya Kale au Mpya? Lisome Jengo Kabla ya Kulipa

Anayekwenda Unguja na kutaka kulala mjini ana njia mbili. Ya kwanza ni nyumba ya kale ndani ya Mji Mkongwe iliyogeuzwa hoteli, yenye mlango wa nakshi, kitanda cha samadari na dari ya boriti. Ya pili ni hoteli mpya ya zege, yenye lifti, vioo vipana na vyumba vinavyofanana kuanzia ghorofa ya chini hadi ya juu. Wengi huamua kwa picha na bei. Sisi tunaoshughulika na ukarabati wa majengo tunaanza kwingine: jengo hili limejengwaje, na nani analitunza?

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za karne ya 19. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na kuta zake hufika nusu mita kwa unene, nyingine zaidi. Ukuta wa namna hiyo huchelewa kupata joto, ndiyo maana ukiingia ndani saa nane mchana unapata nafuu hata kabla feni haijawashwa. Sakafu hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa. Mita tatu hivi ndiyo kawaida yake. Fundi aliyetaka chumba kikubwa alikirefusha, hakukipanua. Kwa hiyo ukipewa chumba kirefu na chembamba, usidhani mwenye hoteli amekikata vipande ili apate wageni zaidi. Ndivyo kilivyojengwa.

Uzuri wa chokaa ni kwamba huruhusu ukuta kupumua: unyevu huingia na kutoka. Balaa huanza pale mtu anapokarabati kwa saruji kwa kuwa inapatikana haraka na kukauka upesi. Lipu ya saruji huufungia unyevu ndani, chumvi hukusanyika, na baada ya misimu kadhaa ya mvua lipu hufura na kubanduka pamoja na jiwe lake. Hili unaweza kulipima mwenyewe. Weka kiganja ukutani, chini karibu na sakafu, kisha nyuma ya kitanda. Ukiona unga mweupe wa chumvi, rangi iliyofura, au ukisikia harufu ya ukungu ambayo ubani haukuweza kuificha, omba chumba kingine.

Adui mkubwa zaidi ni maji ya bafu. Nyumba hizi hazikujengwa ili kila chumba kiwe na bafu lake, lakini mgeni wa leo analitaka, na analipata. Bomba likivuja ghorofani, maji hutambaa hadi kwenye ncha ya boriti iliyozama ukutani, na boriti huanza kuoza mahali ambapo jicho halifiki. Inua macho utazame dari. Doa la kahawia chini ya bafu la juu, au sakafu inayonesa unapokanyaga, ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe alilolijenga Sultan Barghash wa Zanzibar mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika ukarabati na watu wawili wakafariki. Haikuwa hoteli, lakini kila anayefungua mlango wa nyumba ya kale kwa wageni anapaswa kuikumbuka.

Hoteli mpya inayamaliza mengi ya haya. Ina lifti, maji ya moto yasiyosuasua, na gari linafika mlangoni. Ikiwa imejengwa kwa kufuata kanuni, ina ngazi ya pili ya kutokea moto ukizuka, jambo ambalo nyumba nyingi za kale hazina. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, mama mjamzito au mtu anayetumia kiti cha magurudumu, hapa hapana mjadala. Ngazi za Mji Mkongwe ni za mteremko mkali, vidato vyake ni virefu, na mizigo hubebwa kwa mkono au mkokoteni kupitia vichochoro.

Hata hivyo upya nao una kasoro zake. Ukuta wa tofali za saruji ni mwembamba. Jua la alasiri huuchoma, na joto lake huingia chumbani wakati unapotaka kulala. Raha yote hutegemea kiyoyozi, na kiyoyozi hutegemea umeme. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila umeme kutoka bara, na hoteli ziliendeshwa kwa jenereta. Waya mpya wa chini ya bahari uliozinduliwa mwaka 2013 umeleta afueni, lakini swali bado ni la lazima: jenereta yenu inabeba viyoyozi na pampu ya maji, au taa tu? Tazama pia kingo za roshani. Michirizi ya kutu na nyufa zinazofuata mstari wa nondo zinaonyesha kwamba chumvi ya bahari imeshafika kwenye chuma.

Msimu nao una neno. Wakati wa kusi, kati ya Juni na Septemba, nyumba ya kale yenye madirisha pande mbili hupitisha upepo na huenda usihitaji kiyoyozi kabisa. Wakati wa masika, unyevu huzidi na kasoro zote za ukuta hujitokeza. Kwenye joto la kaskazi, chumba cha ghorofa ya juu chini ya paa la bati kitakutesa, jengo liwe la kale au jipya.

Hukumu yangu ni hii. Kama miguu yako inaweza ngazi na nyumba inatunzwa kwa chokaa na mafundi wanaoijua, lala kwenye nyumba ya kale. Mji Mkongwe uliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini cheti hakibadilishi boriti iliyooza. Fedha ya mgeni ndiyo inayoweza kuibadilisha. Kama nyumba imeachwa ioze nyuma ya pazia zuri, nenda hoteli mpya bila kujuta, na umwambie mwenye nyumba sababu. Kabla ya kulipa, muulize mara ya mwisho boriti zilikaguliwa lini na fundi gani. Anayeitunza nyumba yake atakujibu papo hapo.