Lori likigonga chini, usikimbilie kununua spea

Lori la ndizi linaloshuka kutoka Machame au Mwika kwenda Moshi likianza kugonga chini, mwenye gari asikimbilie kununua spea. Kwanza achunguze mlio unatokea lini. Ukisikika kwenye mashimo tu, fundi akague bushi na springi. Ukigonga mara moja dereva anapoachia klachi, krosi za propela shafti ndizo za kushukiwa. Injini izimwe, matairi yawekewe mawe, fundi aitikise shafti kwa mkono. Krosi ikicheza, ibadilishwe kabla ya safari. Katika malori mengi ya Canter, breki ya mkono hukamata shafti hiyo. Krosi ikikatika mteremkoni, gia na breki ya mkono havizuii tena magurudumu. Hubaki breki ya mguu peke yake.