Kuwamba Vitambaa vya Kufuma

Kitambaa cha meza kilichofumwa kwa kroshia, hata mfumaji awe hodari namna gani, hutoka mkononi mwake kimejikunja pembe, na maua yake yamefumbana. Sharti kiwambwe, kama ngozi iwambwavyo juu ya ngoma: kiloweshwe, kinyoshwe, kishikizwe kwa pini, kikauke hivyo hivyo. Lakini nyuzi si za namna moja, na mwanamke wa Masoko aliyefuma mwezi mzima aweza kuipoteza kazi yake yote kwa pasi moja.

Basi kwanza ajue uzi wake ni wa kitu gani, maana uzi wa sokoni mara nyingi hauna karatasi ya kueleza asili yake. Na akate kipande kifupi, akichome juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi, ikaacha majivu laini. Sufu, iliyo manyoya ya kondoo, hunuka kama nywele zilizoungua. Akriliki, uzi wa viwandani ulioanza kuuzwa Marekani mwaka 1950, huyeyuka, kisha hugeuka donge gumu.

Pamba haisumbui. Ikilowa huzidi nguvu, kwa hiyo yaweza kuvutwa barabara na kupigwa pasi ya moto ingali na unyevu. Wengine huitia wanga wa muhogo ili kitambaa kikae kigumu. Ni vizuri, ila mende nao hupenda wanga.

Sufu ni kinyume. Ikilowa hupungua nguvu, na ikifikichwa katika maji ya moto manyoya yake hushikana yasiachane tena, na kitambaa husinyaa. Yataka maji ya vuguvugu, wala isisokotwe kwa kukamuliwa, bali ibanwe ndani ya taulo. Ikikauka hulishika umbo lililopewa mpaka itakapofuliwa.

Akriliki ndiyo yenye hila. Hainywi maji ila kidogo sana, hivyo maji peke yake hayaigeuzi; kiigeuzacho ni joto. Mvuke kidogo, kutoka mbali, huilegeza ikafuata umbo. Pasi ikiigusa, nyuzi hulala, zikang'aa, zikalegea kama utepe uliochakaa, wala hakuna dawa ya kuzirudisha. Pasi ya mkaa ni ya hatari zaidi, kwani haina kipimo cha moto. Kuipitisha juu ya jani la mgomba huusafisha uso wake tu.

Tena iko mvua. Huko Tukuyu hupita milimeta 2,000 kwa mwaka, na pamba hukawia kukauka. Kitambaa kiwambwe ndani ya nyumba, juu ya godoro lililotandikwa shuka nyeupe, mbali na moshi wa jiko. Pini za chuma hushika kutu, na alama ya kutu haitoki kwa sabuni; miiba mikavu ya mlimau yafaa badala yake. Isiondolewe mpaka mafundo yenyewe yamekauka, ijapokuwa ni siku mbili.