Je, Wajua? Shahada ya Isimu Ina Shilingi Ngapi Ndani Yake

Magomeni tunayoisema hapa si ile ya mwendokasi ya Dar es Salaam. Ni kata ya Kilosa mjini, mkoani Morogoro. Mzazi wa huku akisikia mwanawe amechaguliwa kusoma isimu chuo kikuu, huuliza swali moja: "Hiyo atakula nini?" Haya, tuhesabu.

Je, wajua kuwa lugha za Kilosa zilianza kuwapa watu majina makubwa kabla hata reli ya Wajerumani haijafika? Mwaka 1886 J. T. Last, mmisionari wa Church Missionary Society aliyewahi kuishi Mamboya, alitoa kitabu cha sarufi ya Kikaguru. Miaka 122 baadaye, mwaka 2008, Malin Petzell wa Sweden akachapisha Ujerumani sarufi nyingine ya Kikaguru, yenye hadithi na msamiati. Kividunda nacho kimeandikiwa na Karsten Legère wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, aliyekuwa akijiuliza kama lugha hiyo itadumu. Wasimulizi ni wazee wetu, ila majina ya kwenye majalada yanatoka Ulaya. Sisemi wameiba. Nasema kazi ilikuwepo na waliojitokeza kuifanya walikuwa wao.

Je, wajua kuwa lugha hizi zina namba kama nyumba za mtaani? Mwingereza Malcolm Guthrie ndiye aliyezipanga lugha za Kibantu kwa herufi na tarakimu: Kikaguru G12, Kividunda G38, Kisagara G39, na Kiswahili chenyewe G42. Waparakuyo wanaofuga ng'ombe Kilosa hawamo, maana Kimaasai si Kibantu. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayetaka data za lugha hizi hulipa nauli, malazi na mkalimani. Wa Magomeni hupanda bodaboda, jioni yuko kwao.

Gharama sasa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ada ya shahada za sanaa ni karibu shilingi milioni moja kwa mwaka, na masomo ni miaka mitatu. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Kinachokula fedha ni kula na kulala: tangu mwaka wa masomo 2022/23, bumu la chakula na malazi limekuwa shilingi 10,000 kwa siku. Fedha hiyo ni mkopo.

Na je, wajua mkopo unavyorudi? Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Chukua mshahara wa mfano wa shilingi 800,000: 120,000 inaondoka kila mwezi kabla hujanunua hata mche wa sabuni. Nafuu ilikuja Mei Mosi 2021 jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Kabla ya hapo wapo waliolipa miaka na miaka huku deni likinenepa.

Je, wajua kuwa shahada ya isimu peke yake haikupi chaki? Shule za serikali hutaka shahada ya ualimu, au shahada nyingine ikiambatana na stashahada ya uzamili ya elimu, ambayo ni mwaka mmoja zaidi. Ukiipata unaingia daraja la mshahara wa walimu la TGTS D. Mwenye stashahada ya kawaida yuko C, wa cheti yuko B. Kwa ulinganisho, kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Ukiniuliza mimi, mwaka huo wa nyongeza ndio uwekezaji wenye faida kubwa kuliko yote yaliyomo katika safu hii. Wengi huudharau, kisha wakakaa miaka mitatu wakingoja tangazo la kazi lenye neno "isimu".

Mahakamani, je? Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo, katika mahakama za juu shahidi alisema Kiswahili, jaji akaandika Kiingereza. Kwa hiyo kuna sheria za kutafsiri, hukumu za kutafsiri, istilahi za kusanifisha. Ila angalia fedha inakopita: mfumo wa kompyuta wa kusikiliza na kunukuu maneno ya mahakamani umetoka Almawave, kampuni ya Italia. Waswahili wameuziwa Kiswahili!

SADC iliongeza Kiswahili katika lugha zake rasmi Agosti 2019. Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi Februari 2022. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani kwa uamuzi wa UNESCO wa mwaka 2021. Heshima hizo zote hazitoi ajira kwa mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kibanda cha mkalimani akajaribu. Ukalimani wa mikutano hulipwa kwa siku, hulipwa vizuri, na unafundishwa kivyake.

Je, wajua Doudou? Ni tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa TBC mwaka 2011. Xi Jinping mwenyewe aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Mwaka 2016 StarTimes ikaanza kushindanisha Watanzania, washindi wakapelekwa Beijing kuingiza sauti. Sauti nzuri hupita usaili, lakini lazima awepo mtu wa kuandika sentensi ya Kiswahili inayotosha mdomo wa Mchina.

Google ilianza kutafsiri Kiswahili mwaka 2009. Tangu hapo kazi za lugha kwenye kompyuta zimeongezeka, nzuri na mbaya. Januari 2023 jarida la TIME lilifichua kuwa vijana wa Nairobi waliokuwa wakichambua maandishi ya kufundishia akili bandia walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Soma mkataba kabla ya kusaini.

Mpango wa Fulbright nao huwachukua vijana wa Afrika Mashariki kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja katika vyuo vya Marekani.

Wapo pia ambao isimu iliwafikisha mbali. Profesa Kulikoyela Kahigi, mwanaisimu, aliishia bungeni akiwa mbunge wa Bukombe kuanzia 2010. Profesa Herman Batibo, Mtanzania, alifundisha Botswana, na kitabu chake cha 2005 kuhusu kufa kwa lugha za Afrika kinasomwa duniani kote.

Na Mikumi? Hifadhi hiyo ya taifa ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na treni ya SGR siku hizi inasimama Kilosa. Mtalii wa Kifaransa aliye langoni anataka mtu wa kumweleza kwa Kifaransa kwa nini nyani huyu amekasirika. Hatakuuliza fonolojia ulipata alama gani.