Nyumba ya Doli Inakaa Feki? Iongeze Uchafu

Buda, ukiunda nyumba ya doli, kitu itakuchomea ni usafi. Keja ya ukweli imenyeshewa, na inakaa hivyo.

Anza na kipimo. Wengi hutumia 1:12, yaani futi moja inakuwa inchi moja. Mlango wa futi 7 unakuwa inchi 7.

Mabati? Chukua katoni, ilowe kiasi, bandua karatasi ya juu. Mikunjo itatokea yenyewe. Ikikauka, paka silva, halafu gusagusa kahawia pale misumari iko. Kutu huanzia hapo, inateremka na maji.

Ukuta wa mawe? Kata trei ya mayai vipande vya mraba, bandika na gluu. Viungo vipishane kama kazi ya fundi.

Mwisho, zimua rangi nyekundu ya udongo, nyunyiza chini ya ukuta. Matope ya mvua hurukia hapo tu, so usipitishe inchi moja.

Keja za mabati zinabomolewa kila siku, flati zinapanda. Unda yenu na madoa yake yote. Mathe ataijua kabla umwambie.