Kiyoyozi cha Mercedes ya zamani na mafundi wa Gitega

GITEGA ninayoizungumzia hapa si ile ya Burundi, mji mkuu wa kisiasa wa majirani zetu. Ni kata ndogo ya wilaya ya Nyarugenge, jijini Kigali, ambako nyumba zimebanana mteremkoni kati ya mji, Nyamirambo na Kimisagara. Wafanyabiashara wanaovuka mipaka huipenda pande hii ya jiji kwa sababu Kiswahili hakina ugeni hapa. Unaweza kumweleza fundi ugonjwa wa gari lako kwa Kiswahili cha Bukoba, cha Bukavu au cha Bujumbura, akakuelewa bila kuuliza mara mbili. Kwa sisi tuliosomeshwa ukimbizini, tukarudi tukijua majina ya vyuma kwa Kiswahili kabla ya kuyajua kwa Kinyarwanda, hilo si jambo dogo.

Waliorudi mwaka 1994 na miaka iliyofuata walikuja na walichokuwa nacho. Wengine walikuja na ng'ombe, wengine na vyerehani, na wachache walikuja na magari. Baadhi ya magari hayo yangali yanatembea. Utaiona Peugeot 504, gari lililoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Utaiona Toyota Corolla iliyopakwa rangi mara tano. Na utaiona Mercedes ya umbo la W123, iliyotengenezwa kuanzia mwisho wa mwaka 1975 hadi Januari 1986, magari yapatayo milioni 2.7. Injini za magari haya hazifi upesi. Kinachokufa kwanza ni kiyoyozi, na ndicho kisichopata fundi anayekielewa.

Baba yangu mkubwa anayo Mercedes 240D ya mwaka 1982 aliyorudi nayo kutoka Bujumbura. Ni mzee wa presha. Binti yake ameolewa Morogoro, na safari ya kwenda kumwona hupitia Rusumo, Kahama, Singida na Dodoma, mwendo wa siku mbili juani. Daktari alishamwambia asipigwe na joto muda mrefu. Kwa hiyo kiyoyozi ndicho kinachoamua kama mzee atawaona wajukuu zake mwaka huu au hatawaona.

Msomaji anaweza kuuliza, Kigali na kiyoyozi wapi na wapi? Mji wetu uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na siku nyingi ukifungua kioo umemaliza kazi. Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Kiyoyozi kisichotumika hukauka. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na ndiyo yanayolowesha mpira wa kuzuia uvujaji unaozunguka ekseli yake. Miezi ikipita bila kukiwasha, mpira hukauka na gesi hutoka kidogo kidogo bila mtu kusikia. Mwenye gari hugundua siku anapoteremka Bugarama au anapovuka kwenda Tanzania. Dawa yake haina gharama: washa kiyoyozi dakika kumi kila wiki, hata kama kuna baridi. Isitoshe, katika mvua za Aprili hewa kavu ya kiyoyozi ndiyo inayofuta ukungu kwenye kioo cha mbele. Anayepanda Shyorongi usiku wa mvua anajua thamani yake.

Mzee alipoona hewa imekuwa ya moto alilipeleka gari kwa fundi mmoja, ambaye sitamtaja wala kutaja gereji yake. Fundi huyo alimwambia kwamba gesi ya magari ya zamani haipatikani tena, lakini gesi ni gesi, na akajaza kutoka kwenye mtungi wa kupikia. Kwa siku nne gari lilipoa kama friji. Siku ya tano tukaanza kusikia harufu ya jikoni ndani ya gari.

Hapo ndipo tulipofika Gitega. Fundi wa pale, kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa kwanza, aliinamisha kichwa kwenye tundu la hewa, akanusa, akazima injini papo hapo. Alimwomba mzee, kwa heshima, ashuke na asiwashe sigara. Alilisukuma gari hadi mahali pa wazi, mbali na mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi, ndipo akaifungua ile gesi polepole. Ni kweli kwamba gesi ya kupikia hupoza vizuri sana, na kuna friji za nyumbani zinazotumia gesi za jamii hiyo. Lakini friji hizo hutumia gramu chache na zimeundwa kwa kazi hiyo. Kwenye gari, kile kifaa cha kupozea kiko nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Kikivuja vioo vikiwa vimefungwa, cheche moja ya swichi inatosha. Fundi aliniambia kwamba wazee waliomfundisha walikuwa wanatafuta uvujaji kwa taa ya moto, kwa sababu mwali wake hubadilika rangi ukikutana na gesi ya zamani. Angefanya hivyo kwa gari la mzee, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Nimekuwa nikifundisha sayansi kwa miaka mingi, na somo hili huwa nalianzia kwenye mtungi wa udongo. Shule niliyosoma kule Kagera haikuwa na maabara, lakini kila nyumba ilikuwa na mtungi. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu machache hupenya udongo na kugeuka mvuke, na kila kinachogeuka mvuke huondoka na joto. Kiyoyozi hufanya kazi ile ile kwa kitu kinachochemka upesi zaidi. Gesi ya zamani, iitwayo R12, huchemka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Kompresa huikandamiza mpaka inakuwa ya moto, kondensa iliyo mbele ya rejeta huitoa joto mpaka inakuwa maji, kisha hupita kwenye tundu jembamba la valvu na kuchemka ghafla ndani ya kifaa kilichoko nyuma ya dashibodi. Feni hupuliza hewa juu ya kifaa hicho, na hewa inakufikia ikiwa baridi.

R12 ilikuwa gesi nzuri kwa kazi hii. Haiwaki wala haina harufu kali. Ubaya wake uko juu angani. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza jinsi gesi za aina hiyo zinavyolila tabaka la ozoni, na mwaka 1995 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Crutzen. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukazipiga marufuku hatua kwa hatua. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza R12 mwaka 1996, na nchi kama zetu zilitakiwa kumaliza ifikapo mwaka 2010. Kwa hiyo anayekuuzia mtungi wa R12 leo, ama ana mzigo wa zamani sana, ama anakuuzia kitu kingine.

Njia halali ni kulihamishia gari kwenye R134a, gesi ambayo magari yalianza kuitumia miaka ya mwanzo ya 1990. Gereji nyingi husema kazi hiyo ni ya dakika ishirini: toa hii, weka hii. Si kweli, na hapa ndipo pesa za watu zinapopotea.

Kwanza kuna mafuta. R12 hubeba mafuta ya madini. R134a haichanganyiki nayo, kwa hiyo mafuta hubaki yamelala chini, kompresa huzunguka kavu na hujila yenyewe. Inabidi mafuta ya zamani yatolewe, mabomba yasafishwe, na yawekwe mafuta ya esta, ambayo huvumilia mabaki kidogo ya yale ya zamani. Pili ni oringi, zile pete za mpira kwenye maungio. Za zamani hubadilishwa zote, na zinazowekwa mara nyingi huwa za kijani. Tatu ni kikopo cha kukaushia unyevu. Kikishafunguliwa hewani kimekwisha, kwa sababu kazi yake ni kunywa unyevu na kimeshakunywa. Fundi anayekirudisha cha zamani anaokoa fedha zake, si zako.

Kwenye W123 nyingi za miaka ya 1980 kompresa ni ile ya General Motors, fupi na ya mviringo, iitwayo R4. Inafanya kazi vizuri lakini ina tabia ya kuvuja kwenye ganda lake, na mtu hubadilisha mabomba yote akidhani tatizo liko huko. Fundi wetu aliipaka povu la sabuni kwanza, na mapovu yakaonekana pale pale. Gatsata, kule kunakojulikana kwa vipuri, tuliziona tatu zilizotumika. Alizizungusha zote kwa mkono, akazikataa mbili.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani havisemi. Kabla ya kujaza gesi, pampu hunyonya hewa yote na unyevu wote kutoka kwenye mabomba, kwa saa moja hivi. Mombasa au Dar es Salaam, sindano ya geji hufika karibu na inchi 30 chini ya sifuri. Kigali huishia kama 25. Pampu haijafa. Sisi tuko mlimani, hewa inayotukandamiza ni nyepesi, na haiwezekani kunyonya zaidi ya kilichopo. Nimesikia kwa masikio yangu fundi aliyejifunzia Dar akilaumu pampu nzima kwa sababu hiyo. La maana ni sindano isipande baada ya pampu kuzimwa. Ikikaa nusu saa bila kusogea, mabomba hayavuji.

Gesi yenyewe hupimwa kwa mizani. R134a huhitaji uzito mdogo kuliko R12: kama kibandiko cha kiwandani kinasema kilo 1, weka kati ya gramu 800 na 850. Mteja anayedai ajaziwe mpaka juu anajitafutia shida, kwa sababu gesi ikizidi shinikizo hupanda na baridi hupungua. Mtungi usimame wima injini ikiwa inawaka, ili ipite mvuke na si maji, maana kompresa haiwezi kukandamiza maji. Kondensa za W123 ni ndogo kwa gesi hii mpya, kwa hiyo kwenye foleni hewa inaweza kupungua ubaridi. Fundi alifunga feni ya umeme yenye nguvu zaidi mbele yake, na hilo lilisaidia sana.

Sasa niwageukie wenzangu wa mpakani, wanaobeba mitungi ya gesi pamoja na vitenge. Mwaka 2011 wafanyakazi watatu waliuawa, Vietnam na Brazil, walipokuwa wakishughulikia makontena ya baridi yaliyojazwa gesi bandia. Mtungi uliandikwa R134a, lakini ndani mlikuwa na gesi ya bei rahisi iitwayo R40. Gesi hiyo ikikutana na aluminiamu hutengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikiguswa na hewa. Na kompresa ya gari ni aluminiamu. Mtungi ambao bei yake iko chini mno kuliko ya wengine, wenye maandishi yaliyokosewa au usio na jina la kiwanda, usiununue hata kama muuzaji ni shemeji yako. Hapa Rwanda, uingizaji wa gesi hizi unasimamiwa na mamlaka ya mazingira, REMA. Uliza kibali kabla ya kupakia, si baada ya mzigo kukamatwa.

Na R134a nayo siku zake zinahesabika. Haili ozoni, ila hupasha dunia joto: kilo moja ni sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi. Gramu 800 zinazotoroka kwenye gari moja ni zaidi ya tani nzima. Uamuzi wa kuzipunguza gesi za jamii hiyo ulifikiwa katika mji wetu huu, Oktoba 15, 2016, na ndiyo maana duniani kote unaitwa Marekebisho ya Kigali. Ulianza kutumika Januari 1, 2019. Kwa nchi zilizo kundi letu, matumizi yalitakiwa yasizidi kiwango kilichowekwa kuanzia mwaka 2024, yapungue kwa asilimia 10 mwaka 2029, na kwa asilimia 80 ifikapo 2045. Nilimweleza hayo yule kijana wa Gitega. Akacheka, akasema, "Mwalimu, basi mkutano wao walimalizia hapo juu mjini, na kazi wameniachia mimi."

Magari mapya ya Ulaya tayari yanatumia gesi nyingine, R1234yf, na midomo yake ya kujazia ni tofauti kwa makusudi ili mtu asichanganye. Ukinunua gari la mtumba lililotoka Ulaya baada ya mwaka 2017, soma kibandiko chini ya boneti kwanza, kabla hujamruhusu mtu yeyote kuligusa na mtungi wa R134a. Gesi hiyo ni ghali, na wapo wanaokata mdomo wa kiwandani ili waweke ya bei rahisi.

Mercedes ya mzee ilitoka gereji Alhamisi jioni. Kipimajoto cha jikoni, tulichokichomeka kwenye tundu la hewa, kilisoma nyuzi 9. Injini ya 240D ina nguvu za farasi 72 tu, kwa hiyo tumemwambia akizime kiyoyozi kila anapopanda mlima. Anasema atakizima akifika Rusumo kwenye foleni ya forodha. Sisi tunadhani hapo ndipo atakapokihitaji zaidi.