Ubao juu ya jiwe: Mchezo unaomfunza mtoto mengi

WAZAZI wengi mijini hukasirika wanapoona watoto wakicheza ilhali vitabu vimelala mezani. "Acha mchezo, usome!" ndiyo amri inayosikika jioni katika mitaa mingi. Lakini je, mzazi, umewahi kuwatazama kwa makini watoto waliolaza ubao juu ya jiwe, mmoja akakaa huku na mwenzake kule, wakawa wanapandishana na kushushana? Watoto hao wanasoma, ingawa hakuna mwalimu wala ubao wa chaki.

Tuanze na mwili. Ili mtu asianguke, ubongo hupokea habari kutoka sehemu tatu. Kwanza ni macho. Pili ni misuli na viungo, ambavyo huueleza ubongo jinsi miguu na mgongo vilivyokaa. Tatu ni sikio la ndani, lenye vijifereji vitatu vilivyojaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo husukumwa na ubongo hupata habari papo hapo. Sehemu ya ubongo iliyo kisogoni huunganisha habari hizo na kusaidia kuielekeza misuli. Kazi hii hukomaa polepole, na hukomaa kwa mazoezi.

Sasa tuingie darasani. Mtoto wa kilo 30 akikaa upande mmoja na wa kilo 20 upande wa pili, yule mzito hushuka na mwepesi hubaki juu akipiga mayowe. Baada ya kubishana, mzito husogea karibu na jiwe. Akikaa mita 1 kutoka kwenye jiwe, na mwenzake mita 1.5, ubao hutulia. Zidisha uzito kwa umbali: pande zote mbili utapata 30. Hiyo ni hisabati, na pia ni kanuni ya wenzo inayofunzwa katika sayansi.

Wataalamu wawili wa Uswisi, Bärbel Inhelder na Jean Piaget, walieleza jambo hili katika kitabu walichochapisha mwaka wa 1955. Walisema mtoto mdogo huangalia uzito peke yake, na ni baadaye anapotambua kwamba umbali pia una kazi yake.

Lugha nayo haikosi. "Wewe ni mzito kuliko mimi", "rudi nyuma kidogo", "ukishuka nitaanguka": hapo mtoto analinganisha, anaelekeza na kueleza sababu. Isitoshe, mchezo huu hauchezwi na mtu mmoja. Anayeruka chini ghafla humwangusha mwenzake, na kesho hapati wa kucheza naye. Hilo ni somo la maadili.

Hata hivyo, usidhani kwamba mchezo huu utamletea mtoto alama nzuri kimiujiza. Lazima asome. Faida yake ni kwamba mwalimu akitaja uzito na umbali, mtoto atakuwa ameshavionja kwa mwili wake.

Kuna faida nyingine ambayo sisi madaktari huithamini sana: mchezo hufichua ugonjwa. Watoto hutofautiana, lakini wengi wakifika miaka 5 huweza kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10 hivi. Ikiwa wako amepita umri huo na bado anayumba na kujikwaa kila mara, usimwite mzembe. Mpeleke apimwe macho na masikio. Majimaji yakikusanyika nyuma ya kiwambo cha sikio, huweza kuvuruga usawa wa mwili na pia kupunguza usikivu. Mtoto kama huyo huenda akachapwa kwa kutotii au kuitwa mzito wa kuelewa, kumbe hamsikii mwalimu! Sikio likitoa usaha, usilitie mafuta wala dawa ya kubahatisha, nenda kliniki.

Ziko dalili zisizongoja kesho. Mtoto akianza kuyumba ghafla, akiumwa na kichwa na kutapika asubuhi, akipepesuka baada ya kugonga kichwa, au akiwa na homa pamoja na shingo ngumu, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Kuhusu usalama, hakikisha ubao hauna misumari wala nyufa, jiwe halipiti magoti ya mtoto, na mchezo uko mbali na barabara. Wafunze wasiweke miguu chini ya ubao.

Je, wewe unayeishi ghorofani bila uwanja? Chora mstari wa chaki sakafuni, mtoto autembee kisigino kikigusa vidole huku amebeba kitabu kichwani. Au ning'iniza vifuniko viwili vya mkebe kwenye ncha za kijiti kilichofungwa uzi katikati, apime vizibo vya soda dhidi ya maharagwe. Mwulize: "Vizibo vitatu ni sawa na maharagwe mangapi?" Mwache akisie kwanza, kisha apime.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za mazoezi yanayowafanya wahemeke. Kwa hivyo jioni ya leo, kabla hujamwita mwanao ndani, simama kando umtazame kidogo. Angalia anavyosimama, anavyoruka, na kama anageuka unapomwita kwa sauti ya kawaida.